Mapezi Arobaini ya Mzee Waqo

Katika Bulla Pesa yote, hapa Isiolo, hakuna mtu anayejua habari za samaki kunishinda. Nimekula samaki mara moja, nikakwamwa na mfupa, nikapigwa mgongo na majirani watatu, na tangu siku hiyo mimi ni mtu wa maharagwe. Lakini wale samaki arobaini wa Waqo Ganya nawajua vizuri, kwa sababu tunaishi ploti moja na ukuta wetu ni wa mabati. Mimi sisikilizi maneno ya watu. Mabati ndiyo yanasikiliza, halafu yananiambia.

Waqo ni Mborana wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu kama mswaki. Ng'ombe wake walikwisha wakati wa ukame, akabaki na fimbo na majina yao. Ukikaa naye chini atakutajia ng'ombe mmoja, mama yake, nyanya yake, mpaka kizazi cha saba, na utaomba ruhusa ya kwenda choo mara mbili kabla hajaingia upande wa dume.

Mtu kama huyo ndiye aliyepewa kazi ya kulinda samaki.

Ulikuja mradi wa kurudisha samaki mtoni, wakatafuta mzee mwaminifu anayejua njia za mto, wakampata Waqo. Kulinda alijua. Samaki hakuwajua. Kwa wazee wa kwao samaki ni jamaa ya nyoka aliyekosana na wenzake akahamia majini. Lakini kazi ilikuja na barua ya miaka mitatu na koti la kijani lenye vifungo vitano, na mwanamume aliyepoteza ng'ombe wote hachagui mnyama wa kulinda. Siku alipovaa lile koti, watu waliokuwa wakimpita kama kisiki walianza kumsalimia kwa mikono miwili. Kwenye mkutano wa chifu akawekewa kiti cha mbele. Alikuwa amesahau kiti kinavyokaliwa.

Sasa barua ilikuwa imebakiza wiki tano.

*

Mke wake ni Abiba, muuzaji wa maziwa ya ngamia. Kila asubuhi anatoka na ndoo mbili tupu kwenda kwa jamaa zake nyuma ya mtaa wa Kiwanjani, anarudi sokoni zikiwa zimejaa, kila moja imefunikwa kitambaa. Na kila asubuhi kabla hajatoka lazima agombane na Magdaline, anayekaanga samaki sokoni na kuoshea karai lake mbele ya mlango wetu. Ule ugomvi tuliuzoea kama redio.

"Magdaline, unaosha nini hapo? Mzoga?"

"Naosha karai, Mama Sabdio. Karibu mkia, nimekuwekea."

"Mimi? Nyoka ipite hapa?" Abiba anaonyesha koo lake kwa kidole. "Mtafanya watoto wa hii ploti wazaliwe na magamba."

"Sabdio wako si alizaliwa hapa? Ako Merti na watoto watatu, na hakuna hata mmoja amemea pezi."

Abiba anajifunika pua na shungi, anachukua ndoo zake, anapita akitema mate pembeni. Wapangaji tulikuwa tunasema wale wawili siku moja watauana. Waqo alikuwa anajivunia sana. "Mke wangu," anasema, "hata kivuli cha samaki haruki."

Nyumbani jambo moja tu lilikuwa linamsumbua. Maziwa ya chai yalikuwa na harufu.

"Mama Sabdio, hii maziwa inanuka kama bwawa."

"Ngamia amekula majani mabaya."

"Majani ya wapi hiyo?"

"Baba Sabdio, kama unataka kumuuliza ngamia, yuko Kiwanjani."

*

Lakini barua ilipokaribia kuisha, Waqo alikuwa halali usingizi. Mbona? Hapo nirudi nyuma kidogo, si sana.

Mwaka ule wa ukame, gari la mradi lilimletea vifaranga elfu tano vya samaki ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, kama ile ya barafu lakini mikubwa. Afisa wa mradi, Bwana Mutembei, alipaswa kuwa naye wakati wa kuvimwaga mtoni. Lakini Mutembei alikuwa na mazishi ya shangazi, shangazi wa nne mwaka huo, akamwambia, "Mzee, wewe mwaga, tia sahihi hapa."

Waqo akafika mtoni. Mto ulikuwa umebaki uzi. Kandokando ya uzi wamesimama wale korongo wenye mfuko shingoni, zaidi ya thelathini, wametulia kama watu wanaosubiri chakula cha harusi.

Sasa mchungaji ni mchungaji. Hakuna mwanamume wa Kiborana atakayepeleka ndama wachanga kwenye mdomo wa fisi kwa sababu karatasi imesema. Wakati wa ukame ndama dhaifu hubaki karibu na boma. Waqo akamwambia dereva ageuze gari, wakaenda mpaka silanga, lile bwawa la kunyweshea mbuzi nyuma ya Kiwanjani, akawamwaga humo. Alisema mvua ikinyesha atawahamisha. Karatasini akatia sahihi kwamba wako mtoni.

Mvua iliponyesha akaenda silangani kuwahamisha. Akasimama ukingoni akapiga mluzi, ule wa kuita mbuzi. Hakutoka mtu. Akapiga tena. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, kimya, na juu ya mti korongo wawili wamenenepa hata hawawezi kuruka. Waqo akahesabu mwenyewe kichwani, akajua amefiwa. Elfu tano. Alirudi nyumbani, akamwambia Abiba peke yake, na Abiba akamwambia, "Nyamaza." Akanyamaza miaka miwili na nusu.

*

Basi wiki tano kabla ya barua kuisha, Mutembei akamleta daktari wa chuo kikuu, msichana mwenye miwani na viatu vya mpira, anaitwa Alice. Walikaa kwenye kivuli cha mabati yetu, yaani karibu na sikio langu.

"Mzee," akasema Daktari Alice, "kule kituoni, kabla samaki wazazi hawajataga, kila mmoja tulimkata kipande kidogo cha pezi. Ndani ya kile kipande kuna ukoo wake wote. Sasa tukikata pezi la samaki wa mtoni leo, tunalinganisha. Tunajua huyu ni mtoto wa wale wetu, huyu ni mjukuu, huyu ni mwenyeji wa mto, hatuhusiani. Hapo ndipo tutajua kama tulirudisha samaki ama tulilisha ndege."

Waqo aliposikia ndege alikimbilia ng'ombe.

"Hiyo ni kama sisi tunakata sikio la ng'ombe," akasema. "Alama ya ukoo."

"Karibu. Lakini nyinyi mnaandika alama. Sisi tunasoma ile aliyozaliwa nayo."

"Daktari, usinikasirikie. Ng'ombe ana ukoo. Anazaliwa, mama anamlamba, anamjua. Samaki anamwaga mayai anaenda zake. Huyo atakuwa na ukoo gani? Samaki ni samaki."

"Hawa wetu mama anawabeba watoto mdomoni, mzee. Mpaka wajue kuogelea. Wakiona hatari wanarudi ndani."

Waqo alimsogelea. "Mdomoni?" akauliza.

"Mdomoni. Siku hizo zote hali chakula."

Daktari akamwachia vichupa arobaini vyenye spiriti, makasi, na nyavu ndogo. Alikuwa na mito mingine ya kuzunguka. Kazi ya Waqo ilikuwa kuvua samaki arobaini mtoni, kukata kila mmoja kipande kama ukucha, kutia kichupani, kumrudisha majini. "Majibu yakiwa mazuri," Mutembei akasema akisimama, "barua mpya, miaka mingine mitatu. Yakiwa mabaya, mzee, utarudisha koti."

*

Waqo alienda mtoni siku nne. Siku ya kwanza alivua chura. Ya pili alivua kandambili ya mguu wa kushoto. Ya tatu alishika samaki kweli, kambare mwenye masharubu, akamwangalia usoni, kambare naye akamwangalia, Waqo akaona ni kama mjomba wake marehemu, akamwachilia. Siku ya nne nyanya wa Kiturkana waliokuwa wakifua nguo walimcheka mpaka akakunja suruali akarudi.

Njiani akapata akili. Akili nyingine ni heri zikukose.

Akaenda sokoni kwa Magdaline.

"Nataka mapezi," akasema, akiangalia kule na huku.

"Mapezi ya nini, mzee?"

"Usiulize. Samaki baki nayo. Nipe kipande kidogo kidogo, arobaini."

"Hata ungetaka mkia ningekupa, wateja wangu wanaanza kula kwa shingo." Magdaline akavuta beseni. "Lakini mzee, nyinyi si mlisema hii ni nyoka?"

"Mimi sili. Nakata tu." Akashika makasi kwa vidole viwili. "Hawa ni wa wapi?"

Magdaline akageuza uso kuangalia mafuta. "Turkana. Wanakuja na lori."

Waqo alitumia siku mbili, kwa sababu siku ya kwanza Magdaline alikuwa na samaki ishirini tu. Alikata huku amefunga pumzi. Akafunga vichupa arobaini, akaandika juu ya kila kimoja kwa mkono wake, MTO, akampa Mutembei. Alilala kama mtoto. Alikuwa anajiambia samaki ni samaki, na mtu anayejua vizazi saba vya ng'ombe hakufikiria hata mara moja kwamba na samaki wa Turkana anaweza kuwa na nyanya.

*

Simu ya Waqo ina ugonjwa. Ikipokea, inatoa sauti nje kama msikiti, na hakuna fundi Isiolo aliyeweza kuiponya. Ilikuwa Jumamosi, ploti nzima iko nje, watu wanafua, wanasuka, Abiba anachagua mchele, ndipo Mutembei akapiga.

"Mzee Waqo, hongera. Majibu ya DNA yametoka."

Mikono yote ikasimama. Huku kwetu DNA tunaijua kwa kazi moja tu.

"Ndio," Waqo akasema kwa sauti ndogo.

"Wote ni wako. Arobaini. Mia kwa mia. Hakuna hata mmoja wa mtu mwingine."

Mama mmoja aliangusha chupi kwenye matope. Magdaline akakaa chini. Abiba akaweka ungo wa mchele polepole, kwa adabu, kama mtu anayeweka bunduki.

"Arobaini," akasema.

"Mama Sabdio, ni samaki."

"Na mama zao nao ni samaki?"

"Waulize mradi."

"Arobaini, na mimi unanipa mmoja tu, na huyo mmoja nimemzaa na homa."

Ilichukua saa nzima na Mutembei kupigiwa tena ili aeleze mwenyewe. Tulipoelewa, wengine tulihuzunika kidogo. Tulikuwa tumeshaanza kuwagawa wale watoto kwa sura. Lakini kitu kimoja niliona. Abiba aliposikia kwamba mapezi yamesema samaki ni wa ule mradi, wale waliokufa silangani, hakushangaa kama mke anavyoshangaa. Alimwangalia Magdaline. Magdaline alikuwa anaangalia karai lake.

Waqo yeye alienda nyuma ya choo akasimama peke yake. Samaki wa Turkana wamekuwa watoto wa wafu wake. Aliona ni muujiza ama ni mtego, na kwa uzee wake hakuwahi kupata muujiza wa Jumamosi.

*

Daktari Alice alirudi wiki iliyofuata, na barua mpya ikiwa mfukoni, haijatiwa sahihi.

Asubuhi ile Waqo alipovaa koti kifungo cha tatu kilimtoka mkononi. Abiba akamshonea akiwa amesimama, uzi mdomoni.

"Huo uzi ni mwekundu," Waqo akalalamika. "Koti ni la kijani."

"Wa kijani hakuna. Iko huu nilipindia kitambaa cha ndoo. Simama sawa." Akakata uzi kwa meno. "Ukienda huko usiseme maneno mengi. Wewe ukisema mengi unasema ukweli."

Mtoni, Daktari Alice alikunja suruali mwenyewe akaingia na wavu mrefu. Mutembei alibaki ukingoni kulinda viatu. Walivua mpaka saa nne. Walipata kambare, walipata samaki wadogo wenyeji wa mto, daktari akawaangalia mmoja mmoja na kuwarudisha.

"Mzee," akasema akitoka majini, "mimi sikuja kukupa hongera. Nilikuja kwa sababu hakuna mto duniani unaotoa mia kwa mia. Mtoni lazima wachanganyike, wageni na wenyeji. Arobaini wote wetu, bila mwenyeji hata mmoja? Hao hawaishi na mtu mwingine. Hao wako peke yao, mahali pamefungwa. Uliwakata wapi?"

Waqo alitazama mto. Ulikuwa umejaa siku hiyo, unapita zake bila kumsaidia.

"Sokoni," akasema. "Kwa Magdaline. Alisema ni wa Turkana."

"Mzee!" Mutembei alishika kichwa.

"Na vile vifaranga sikuleta hapa. Mto ulikuwa umekauka, ndege walikuwa wengi. Niliwaweka silangani, wakafa. Nikanyamaza." Akaanza kufungua vifungo vya koti kutoka juu. Alifungua viwili.

Daktari akamshika mkono. "Hawakufa. Tulipima. Wengine wa wale arobaini ni wajukuu. Wamezaana huko silangani, mzee. Ungewamwaga hapa mwaka ule, leo ningekuwa na sifuri." Akavua miwani akaifuta. "Lakini nahitaji kujua wamebaki wangapi, na kuna mtu anawavua kila siku anayejua hilo kuliko mimi. Nionyeshe huyo mtu. Nitatia sahihi hapo hapo."

"Na mimi nitaita polisi hapo hapo," Mutembei akasema. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeachia mwingine atie sahihi karatasi yeye akiwa mazishini. "Samaki wa mradi ni mali ya umma. Huyo mwizi atalala ndani."

"Wacha nimshike mwenyewe," Waqo akasema, akafunga vile vifungo viwili. Damu ya mchungaji ilikuwa imempanda. Kuibiwa mifugo mbele ya macho yake, na yeye ndiye mlinzi. "Hata akiwa ndugu yangu, nitamtoa kwa shingo."

*

Magdaline aliwaona wakija, akamwaga chumvi nyingi kwenye mafuta.

"Mama, nani anakuletea hawa samaki?" Mutembei akauliza.

"Lori ya Turkana."

"Lori gani?"

"Ile ya samaki."

Daktari Alice akainua samaki mmoja kutoka beseni, akamfungua shavu, akamwangalia jicho. "Huyu alikufa jana jioni, si zaidi. Turkana ni mbali."

"Dereva anaendesha vibaya sana," Magdaline akasema.

"Mama Magdaline," Waqo akaingilia, fimbo mkononi, "mimi na wewe ni majirani. Nitajie huyo mwizi. Usimfiche. Mtu asiye na haya, asiyeogopa Mungu, anaibia mzee kazi yake..."

"Mzee, nyamaza," Magdaline akasema haraka, akiangalia nyuma ya bega lake. "Nakuomba nyamaza sasa hivi."

"Sinyamazi. Huyo hakulelewa. Huyo mama yake..."

"Salaam aleikum," ikasema sauti nyuma yake.

Abiba alikuwa amesimama na ndoo mbili. Gauni lake lilikuwa limelowa mpaka magotini, na begani amening'iniza neti ya mbu, ile ya kliniki, inadondoka maji. Alimwona mume wake. Akamwona Mutembei, akamwona msichana wa miwani. Hakurudi nyuma. Abiba si mtu wa kurudi nyuma.

"Nimeleta maziwa," akasema.

Ndoo ya kulia ikapiga pwaa. Kitambaa kikaruka, kikatulia.

"Mama," Mutembei akasema, "hiyo maziwa inaruka."

"Ni ya ngamia."

Ikapiga tena. Tone la maji likamfikia Mutembei kwenye tai. Akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya kituo. Magdaline aligeuza samaki ambaye alikuwa ameshaungua pande zote mbili. Watu wa soko walikuwa wamesogea, kwa sababu sisi huku hatuna sinema, na mimi nilikuwa karibu kabisa kwa vile nilikuwa nanunua kitunguu tangu asubuhi.

Daktari Alice alitoa barua mfukoni, akaiweka juu ya meza ya Magdaline kati ya limau na pilipili, akafungua kalamu.

"Mzee Waqo, unamjua huyu mama?"

Waqo aliiangalia ile barua. Aliiangalia kalamu. Alimwangalia Mutembei na simu yake, kisha akamwangalia mwanamke aliyekaa naye miaka thelathini na nne, aliyeficha siri yake miaka miwili na nusu, na ambaye, kumbe, alikuwa akimlisha kwa pesa ya samaki wake mwenyewe tangu vifaranga walipokua. Fimbo ilishuka chini polepole.

"Huyu?" akasema. "Simjui. Sijawahi kumwona maisha yangu."

Abiba aliinua kidevu, akaangalia pembeni kama mgeni kabisa.

Daktari alisogelea ndoo. Aliinama akaangalia pindo la kile kitambaa cha ndoo, uzi mwekundu, mishono mifupi iliyolala upande wa kushoto. Akanyooka, akaangalia kifua cha Waqo, vifungo vinne vya uzi wa kijani na cha tatu cha uzi mwekundu, mishono mifupi, imelala upande wa kushoto.

"Mzee," akasema, akifunga mfuko wake wa vichupa, "hii hata sitaipeleka maabara."